Mng'ao wa Jiwe na Moshi

Kila ninapozungumza na vijana wanaojifunza ufinyanzi, swali moja hujirudia: mbona bibi zetu hawakupaka glezi? Ukilisikiliza vizuri, limeficha hukumu ndani yake. Linadhani kwamba chombo kisicho na ngozi ya kioo hakijakamilika, na aliyekifinyanga alikwama njiani.

Tuanze na glezi yenyewe, hasa ile inayometameta kama shaba au dhahabu. Wafinyanzi wa Iraq waliimudu katika karne ya 9. Chombo kilichomwa kwanza na glezi yake. Kisha kilichorwa juu yake kwa mchanganyiko wenye fedha au shaba, kikarudishwa kwenye tanuri lenye moto wa wastani na moshi mwingi. Hewa ikipungua, madini hubaki juu ya kioo kama utando mwembamba sana. Huo ndio mng'ao wote, na siri yake ni moshi.

Sasa tuje kwetu. Huko Gogo Falls, kando ya Mto Kuja katika Migori ya leo, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta vigae vya watu waliovua na kuwinda hapo muda mrefu kabla ya tanuri za Iraq. Wajaluo walipofika walikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na vyungu, nao wakaendeleza vyao: dapi la maji, agulu la kupikia, tawo la kuwekea kitoweo. Mtafiti Ingrid Herbich, aliyeandika juu ya wafinyanzi wa Kijaluo mwaka 1987, alionyesha kwamba wanawake wengi walijifunza kazi hii baada ya kuolewa, kwa mama mkwe na wake wenza. Kwa hiyo umbo la chungu lilikuwa ushahidi wa boma ulikoolewa.

Je, glezi ingemsaidia nini mwanamke huyo? Dapi hupoza maji kwa sababu udongo wake una vitundu: maji hujipenyeza polepole, yakikauka nje huondoka na joto. Lipake glezi, umeua kazi yake. Kung'aa lilikuwa likipata kwa njia nyingine: udongo mwekundu ukipakwa na kusuguliwa kwa jiwe laini kabla ya kuchomwa. Kusugua huku huchosha mkono kweli kweli, lakini hakuhitaji tanuri la nyuzi 1,200.

Huko Nigeria, Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha ufinyanzi cha Abuja miaka ya 1950. Hapo Ladi Kwali, aliyejifunza kwa shangazi yake kijijini, akaanza kupaka glezi mitungi aliyoifinyanga kwa mkono. Leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Katikati ya miaka ya 1970 alifika hapo mwanafunzi Mkenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Aliiona glezi, aliwaona wanaoitumia vizuri, kisha akachagua njia nyingine. Mitungi yake huijenga kwa mkono bila gurudumu, akaipaka udongo mwepesi, akaisugua mpaka ing'ae. Ikichomwa penye hewa, hutoka nyekundu. Ikichomwa tena mahali hewa imebanwa, moshi huigeuza nyeusi yenye mng'ao wa chuma. Kumbe ni moshi uleule uliowasaidia wafinyanzi wa Iraq! Majumba makubwa ya makumbusho yanavihifadhi vyombo hivyo, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunukia cheo cha Dame.

Hapo ndipo panaponiuma. Jina la Odundo limeandikwa, na anastahili. Lakini dapi zilizo kwenye maghala ya makumbusho huandikwa kabila na mahali tu: "Luo, Kenya". Aliyesugua hajulikani. Nje, mng'ao huohuo huitwa sanaa. Kwenye soko la Kendu Bay mnunuzi hupunguza bei mpaka chungu kiuzwe karibu na bei ya ndoo ya plastiki.

Kijana wa Homa Bay anayetaka glezi ya kumetameta, aijaribu. Udongo haumkatazi mtu. Ila kabla ya kujenga tanuri lake, aende akae na mama mmoja anayefinyanga, ajifunze jiwe, na aandike jina lake.