Kabla ya Kuposti Mzigo: Ile "Ada ya Makadirio" Ilianzia Wapi?

Wale wa kuuza vitu mtandaoni, leo zamu yenu. Unapiga picha kiatu, unaandika bei, na kabla hujabonyeza kuposti unaonyeshwa ada ya makadirio, senti kadhaa tu. Roho safi. Mzigo ukishauzwa, unakuta umekatwa mara kadhaa ya ile. Umeibiwa? Subiri kwanza.

Turudi Septemba 1995, San Jose, California. Jamaa mmoja wa kompyuta, miaka 28, kazaliwa Paris na wazazi wa Kiirani, akafungua kijitovuti cha mnada akakiita AuctionWeb. Ndiyo hii hii eBay ya leo. Mzigo wa kwanza kuuzwa ni kitochi cha leza, tena kibovu! Kikaenda kwa dola 14.83. Jamaa akamuuliza mnunuzi kama anajua ni kibovu, akajibiwa kwamba yeye anakusanya hivyo hivyo vibovu. Watu na mambo yao.

Mwanzo huduma ilikuwa bure. Shida ni kwamba watu walijaa mpaka kampuni iliyompa intaneti ikampandishia bili hadi dola 250 kwa mwezi. Basi 1996 akaanza kutoza asilimia ndogo ya bei ya mwisho, yaani ukishauza ndiyo unalipa. Hakuwa na namna ya kumkaba mtu, lakini bahasha zikamiminika, nyingine zina sarafu zilizobandikwa kwa selotepu kwenye kikadi. Hela ikazidi bili, na baadaye akaacha kazi ya kuajiriwa.

Baadaye ada zikawa mbili. Ya kuweka bidhaa ni kama ushuru wa soko, unalipa hata usipouza nyanya moja. Ya mauzo ni kama dalali, anasubiri biashara ikae. Ya kwanza inajulikana mapema. Ya pili itajulikanaje wakati mnada haujaisha? Ndio maana unaandikiwa makadirio. Mara nyingi ile namba ndogo unayoiona ni ushuru tu, dalali bado hajaongea.

Na mimi naona wenye mitandao wanajua kabisa macho yetu yanaangalia wapi. Mwaka 2008 eBay ilishusha ada ya kuweka bidhaa. Wauzaji wakataka kushangilia, kumbe kamisheni ya dola 25 za kwanza za bei imepanda kutoka asilimia 5.25 hadi 8.75! Februari hiyo hiyo baadhi yao wakagoma wiki nzima. Etsy nao hivyo hivyo: kuweka bidhaa ni dola 0.20 tu, lakini kamisheni ilitoka asilimia 3.5 hadi 5 mwaka 2018, halafu 6.5 Aprili 2022. Mgomo tena.

Chukua mkoba wa dola 20, kuusafirisha dola 5. Wengi wanapiga asilimia 6.5 ya 20. Etsy inapiga ya 25, maana tangu 2018 nauli ya mzigo nayo inakatwa. Hiyo ni kama dola 1.63, jumlisha 0.20, unapata 1.83. Makato ya kupokea malipo hapo hayajaguswa. Na miezi minne ikiisha mkoba bado upo ndani, ukitaka tangazo liendelee, toa 0.20 nyingine.