Alama Moja Baada ya Nyingine

Msomaji, watu wa Mtopanga waendao kisiwani Mombasa hutoka katika njia nyingi, lakini wafikapo daraja la Nyali hukusanyika na kuvuka kwa mfuatano. Habari nazo huvuka vivyo hivyo. Njia ikiwa moja, sharti zipange mstari. Desturi hiyo ina historia, na pwani yetu imo ndani yake.

Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Mwaka 1890 waya mwingine uliunganisha Unguja na Mombasa, mji uliokuwa wakati ule chini ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Zamani habari za Ulaya zilikaa baharini majuma kadhaa. Sasa neno lilivunjwa likawa herufi, herufi ikawa alama, na alama zikapelekwa moja moja. Lakini waya haukuwa wa wenyeji. Aliyeushika alijua mambo kabla ya mwenziwe aliyengoja meli, na kujua mapema ni nguvu.

Ilibaki shida: mashine itajuaje herufi inaanza wapi na kuisha wapi? Mapema katika karne ya 20, huko Marekani, Charles Krum na mwanawe Howard walitia alama ya kuanzia mbele ya kila herufi, na ya kukomea nyuma yake. Ni kama mgeni abishaye hodi kabla ya kuingia, akaaga kabla ya kutoka.

Kompyuta zilirithi adabu hiyo. Ndani ya nyingi za zamani alama nane zilisafiri bega kwa bega katika nyaya nane. Zikitoka nje zilipewa waya mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Gordon Bell wa kampuni ya DEC alibuni mtambo wa kuzipanga mstari. Miaka kumi baadaye kazi hiyo yote iliingia katika chipu moja yenye urefu wa kidole. Chipu ya namna hiyo, iitwayo 8250, ilitumika katika kadi ya mawasiliano ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Herufi M ya Mombasa huandikwa 01001101. Chipu hubisha hodi, hutoa tarakimu hizo kuanzia ya mwisho, kisha huaga: jumla alama kumi. Kwa hiyo waya upitishao alama 9,600 kwa sekunde hubeba herufi 960.

Mwaka 2009 nyaya za kioo, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, zikipeleka alama kwa mwanga. Safari hii Serikali ya Kenya ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TEAMS. Hiyo ni hatua kubwa kuliko ile ya 1890. Lakini kuwa na waya si sawa na kuelewa kipitacho ndani yake. Hatua hiyo ya pili, msomaji, haiwezi kununuliwa. Hapana budi uisomee.