Geuza Sahani: Matoleo ya Shirati Jazz na Swali la Uasili, kwa Masikio ya Kaptembwo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi benga, muziki wa dansi wa magitaa, ya mwimbaji D.O. Misiani na bendi yake Shirati Jazz ilivyotolewa na kutolewa tena, kuanzia santuri ndogo za miaka ya 1970 hadi albamu za London na flashi zinazouzwa Kaptembwo, Nakuru. Hoja ni kwamba kutoa upya ni kuhariri, na kwamba toleo lenye sauti safi kuliko yote si lazima liwe ndilo aminifu. Uaminifu wa toleo unapimwa kwa mambo mawili: linakiri limebadilisha nini, na linamtambua nani kuwa analidai.

1. Utangulizi

Kaptembwo, upande wa magharibi wa Nakuru, ni mtaa wa ploti. Vyumba vya kupanga vimetazamana mistari miwili, na katikati pana ua mwembamba, bomba la maji na kamba za nguo. Katika ujenzi wa namna hii hakuna anayesikiliza redio peke yake. Jirani husikiliza nawe, apende asipende. Wapangaji wametoka Nyanza, Magharibi, Ukisii, eneo la Kati na Bonde la Ufa lenyewe, kwa hiyo benga ya Kijaluo inayopigwa chumba cha tatu humfikia asiyejua hata neno moja la Kijaluo. Huyo hana maneno ya kushika, anashika gitaa.

Muziki huo aghalabu umetoka katika duka la muvi, ambako mteja huacha flashi yake ajaziwe nyimbo. Akifika nyumbani hukuta faili yenye jina la msanii na nambari basi. Mwaka haupo, jina la mpiga gitaa halipo, wala hakuna dalili kwamba wimbo uliwahi kugawanywa katika pande mbili za santuri. Wakati huohuo, nyimbo za Misiani za muongo wa 1970 zinapatikana katika CD iliyotolewa na Sterns ya London mwaka 2010 kwa jina la The King of History, lakabu aliyopewa kwa mazoea yake ya kuimba habari za Biblia na za dola. Msomaji wa haraka atasema CD ndiyo hati na flashi ni takataka. Nadai kwamba zote mbili ni matoleo, na kila moja imepoteza kitu ambacho haisemi.

2. Jazi isiyo jazi

Tuanze na jina. Shirati Jazz, Victoria Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz: Afrika Mashariki ilijaa bendi za jazi ambazo hazikupiga jazi ya New Orleans. Neno hilo kwetu lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa ya umeme, na lilibeba fahari ya usasa. Kwa hiyo mtu akitafuta albamu ya gitaa la jazi na roki katika eneo hili, asitafute nakala hafifu ya Wamarekani. Atafute benga, ambayo chini yake kuna mapigo ya nyatiti, kinubi cha Kijaluo, na juu yake kuna umeme.

Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, akajenga jina lake Kenya, na akafa katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Katika bendi yake gitaa la solo halikuwa pambo la sauti ya mwimbaji. Liliuliza na kujibu, huku besi ikiruka badala ya kutembea na ngoma ya mguu ikigonga kila pigo. Mfumo huo haukubaki Ujaluoni. Daniel Kamau aliuimba kwa Kikuyu, Wakamba wakautia Kikamba, na katika Bonde la Ufa wanamuziki wa Kalenjin walirekodi gitaa lao kwa Chandarana, kampuni ya santuri iliyokuwa Kericho. Kaptembwo, iliyokuwa miongoni mwa mitaa iliyoumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008, imeishi na lugha hizi zote ukuta kwa ukuta. Gitaa lilikwisha kuvuka kuta hizo miaka mingi kabla.

3. Upande wa kwanza, upande wa pili

Benga ya muongo wa 1970 haikuzaliwa kama albamu. Ilizaliwa kama santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, na kila upande ulibeba dakika chache tu. Wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Sehemu ya kwanza ilibeba hadithi, na mara nyingi sehemu ya pili ilikuwa uwanja wa magitaa, pale wacheza dansi walipokuwa wakipangojea. Kati ya pande hizo kulikuwa na mkono wa mtu: ainue sindano, ageuze sahani, ashushe sindano. Wasikilizaji walikaa katika kimya hicho wakijua kinachokuja.

Matoleo ya CD mara nyingi huunganisha sehemu hizo mbili kuwa wimbo mmoja. Mkwaruzo unafutwa, mpasuko unazibwa, wimbo unatiririka. Kwa sikio ni raha. Lakini kilichozibwa hakikuwa kasoro ya mashine pekee; kilikuwa sehemu ya utunzi. Bendi iliyojua kwamba sahani itageuzwa ilifunga upande wa kwanza kwa namna ya kumfanya mtu aigeuze.

Kuna pingamizi lenye uzito. Baani hapakuwa na pande. Bendi ilipiga wimbo mfululizo hadi jasho liwatoke wachezaji. Je, toleo lililounganishwa haliturudishi kwenye dansi yenyewe? Haliturudishi. Wimbo wa baani ulirefuka kadiri ya umati wa usiku ule, ilhali wimbo wa santuri ulipimwa kwa saa studioni. Ukiunganisha nusu mbili za santuri hupati baa, na santuri umeshaipoteza. Umepata kitu cha tatu. Kitu hicho kina haki ya kuwapo, mradi kisijiite cha asili.

Jambo hili si la Afrika pekee. Bitches Brew ya Miles Davis, albamu ya 1970 inayohesabiwa kati ya nguzo za jazi-roki, gitaa likiwa mikononi mwa John McLaughlin, haikupigwa mwanzo hadi mwisho kama inavyosikika. Mtayarishaji Teo Macero aliikata na kuiunga mikanda kwa wembe. Kule asili yenyewe ni kazi ya wembe. Kwetu asili ni kazi ya mpasuko. Wanaoitoa upya kazi ya Macero hawathubutu kuficha mikato yake, kwa sababu imekwisha kuandikwa na kujadiliwa. Mpasuko wetu unafutwa kwa kuwa hatujauandika.

4. Kilichosafiri na kilichobaki

Safari za benga zinaonyesha jinsi toleo linavyounda maana mpya. Santuri za mtayarishaji P.O. Kanindo zilifika Zimbabwe, na huko jina lake likawa jina la mtindo: watu walisema wanapiga “kanindo”, na mtindo huo ukachangia kuzaliwa kwa sungura, muziki wa magitaa wa huko. Jina la mfanyabiashara lililoandikwa kwenye karatasi ya katikati ya sahani liligeuka aina ya muziki. Kule toleo lilizaa wapiga gitaa.

London ilizaa wasikilizaji. Kampuni ya World Circuit ilitoa Benga Beat ya Shirati Jazz mwaka 1987. Mwaka 1989 zikafuata Benga Blast! ya Earthworks na Piny Ose Mer ya GlobeStyle. Albamu hizo za Misiani na bendi yake zilifanya kazi ya kushukuriwa, kwani ziliufikisha muziki huo kwa masikio mapya. Ila Misiani alizungumza na wakubwa kwa mafumbo ya wanyama, na maneno yake yalimtia matatani na serikali. Mnunuzi wa Ulaya alisikia magitaa matamu. Fumbo lilibaki forodhani. Mpangaji wa Kaptembwo asiyejua Kijaluo yuko katika hali hiyohiyo kwa tofauti moja: anaweza kugonga mlango wa jirani akauliza.

5. Deni

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Hesabu yake ni hii: ulinzi wa rekodi ya mwaka 1974 ulikoma mwisho wa 2024, lakini utunzi wa Misiani unalindwa hadi mwisho wa 2056. Sauti hiyo imekuwa ya umma nchini Kenya. Wimbo bado una wenyewe. Mwenye duka la muvi na kampuni ya ng’ambo inayouza Kenya wamesimama mbele ya sheria moja. Kupotea kwa mwaka wa rekodi na jina la mtunzi, kwa hiyo, si uzembe mdogo wa kimaktaba, kwa maana pasipo tarehe hakuna ajuaye kama deni lipo, na pasipo jina hakuna ajuaye alipwe nani.

6. Hitimisho

Nimedai kwamba hakuna toleo lisilohariri. Flashi ya Kaptembwo imefuta mwaka na majina ya wapiga gitaa, na CD ya London mara nyingi hufuta mpasuko, lakini flashi imeuacha muziki katika ua uleule ambamo maana yake inaweza kuulizwa. Vyuo vyetu vya Bonde la Ufa vinaweza kuanza na kazi isiyohitaji fedha nyingi: kuorodhesha santuri zilizobaki majumbani, kila moja na mwaka wake, mtunzi, wapiga gitaa, urefu wa kila upande na tafsiri ya maneno. Na anayetoa upya, awe London au dukani Kaptembwo, aandike pale alipounganisha: hapa sahani iligeuzwa.