Kuwamba turubai

Mvua ya masika ikianza Nairobi, wachuuzi wa Muthurwa na Gikomba hukimbilia maturubai. Ukiwauliza, watakwambia wanayafunga. Si kosa, ila neno hilo linataja fundo tu, na kazi yenyewe ni kubwa kuliko fundo. Kiswahili kina kitenzi kinachoieleza yote: kuwamba.

Kuwamba ni kuvuta kitu juu ya kingine hadi kikazane. Ngoma huwambwa ngozi. Kitanda cha kamba nacho huwambwa, na kikilegea huwambwa upya. Ndivyo hasa wanavyofanya vijana wa mtaa wa Kaloleni, Eastlands, wanapoandaa kivuli cha waombolezaji kwenye matanga: huvuta kamba moja kutoka mti hadi nguzo, hulilaza turubai juu yake, kisha huzivuta pembe nne chini na kuzifunga kwenye vigingi. Kamba ile ya kati ndiyo mgongo wa paa. Ikilegea, maji hutuama, uzito huongezeka, na turubai laweza kupasuka au kuwaangukia wazee waliokaa chini yake. Kwa hiyo kamba ya nailoni ikaguliwe mvua inaponyesha, kwa kuwa ikilowa hulegea. Ya katani, kinyume chake, hujikaza.

Kitenzi kinachobeba maarifa yote haya hakistahili kuachiwa kamusi. Walimu wa Eastlands, wafundisheni wanafunzi kuwamba kwa kamba na turubai uwanjani, si kwa picha ya ngoma kitabuni peke yake.