Nyumba za Wazee wa Malakia

Malakia ni mtaa wa zamani wa mji wa Juba. Jina lake ni la Kiarabu cha Sudan, na maana yake ni raia, mtu asiye askari. Kwani mitaa ya jina hilo ilikaliwa na askari waliomaliza utumishi pamoja na jamaa zao. Kwa mtu aliyezoea kuhamishwa kambi hata kambi, nyumba ya udongo ilikuwa ndiyo makao ya kutulia.

Vita vya 1955 hadi 1972, kisha vya 1983 hadi 2005, viliwatawanya warithi: wengine Khartoum, wengine Uganda. Amani ilipopatikana, mji ulikua upesi, na nyumba nyingi za udongo zikabomolewa, zikajengwa za saruji.

Kubomoa si dhambi. Makureshi waliibomoa Al-Kaaba wakaijenga upya, kwa mali ya halali tu. Nayo ilipopungua, walilifupisha jengo. Waliposhindana ni nani aliweke Jiwe Jeusi, Mtume (S.A.W.), kabla hajapewa utume, aliliweka juu ya nguo, na wakuu wa koo wakaishika pembe zake, wakaliinua pamoja.

Basi mwenye kubomoa nyumba ya baba yake na awaite kwanza ndugu walio mbali. Ukuta huanguka, fungu la mrithi halianguki.