Sutama ya Burundi: chawa, nguo na haya



Katika kampi, mtu akionekana na chawa, wenzake wanamuita mchafu. Njo maana wengi wanaficha. Historia ya jirani zetu wa Burundi inaonyesha kwamba haya ya namna hii inaweza kuua.

Vita ilianza kule 1993. Mwaka wa 1995 homa kali ilitokea katika gereza la Ngozi: kichwa kinauma sana, vipele vinatoka, mtu anachanganyikiwa. Watu waliiita sutama. Halafu ikaingia katika kampi za waliokimbia vita, kwenye milima yenye baridi, na kufikia 1997 ilikuwa imeshika makumi ya maelfu ya watu. Maabara ilionyesha ni tifusi ya chawa. Si tifoide, ile ya maji na chakula.

Chawa huyu si yule wa kichwani. Anaishi na kutaga mayai kwenye mishono ya nguo, anatoka kunywa damu tu. Bakteria haiko katika kuuma kwake, iko katika mavi yake: mtu akijikuna, inaingia kwenye ngozi. Mgonjwa akipanda homa, chawa anakimbia lile joto na kutafuta mwili mwingine. Pale watu sita wanalala chini ya blanketi moja, hana safari ndefu.

Jambo hili lilijulikana tangu 1909. Charles Nicolle, daktari Mfaransa kule Tunis, aliona wagonjwa wanaambukiza wengine hadi mlangoni pa hospitali. Wakishaogeshwa na kuvalishwa nguo za hospitali, basi. Aliyekuwa anabeba ugonjwa alikuwa ndani ya zile nguo. Mwaka wa 1928 akapewa tuzo ya Nobel.

Burundi walitumia doksisiklini, miligramu 200, mara moja tu. Inaponya mtu, lakini nguo inabaki na chawa wake.

Kwa hiyo, wapendwa wafadhili, sabuni, nguo ya kubadilisha na kuni za kuchemsha maji si anasa, ni kinga. Na siye wanachama: tuchemshe nguo, tupige pasi mishono. Mwenye chawa aseme mapema, na mwenye homa apelekwe haraka kwenye kituo cha afya. Chawa analetwa na msongamano na umaskini. Kumcheka mwenzako hakumfukuzi.