Ahmed wa Marsabit: Tembo Aliyelindwa kwa Amri ya Rais

Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alimweka chini ya ulinzi wa dola tembo mmoja wa msitu wa Mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, aliyejulikana kwa jina la Ahmed. Amri hiyo haikuwa ya kawaida, kwa kuwa sheria za wanyamapori hulinda spishi, yaani aina nzima ya kiumbe, au hulinda eneo, wala si mnyama mmoja mwenye jina lake.

Kilichompa Ahmed heshima hiyo ni pembe zake, ambazo kila moja ilikadiriwa kuwa na uzito wa kilo 67 na zilining'inia hadi kukaribia kugusa ardhi. Sifa zake zilienea katika miaka ya 1960, na watu wengi walipoandika barua wakiomba asiuawe na wawindaji, serikali ilimpa walinzi wenye silaha waliomfuata usiku na mchana. Alipokufa Januari 1974, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 55, mifupa na pembe zake zilihifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na sanamu yake ya ukubwa halisi ikasimamishwa uani.

Ulinzi huo ulifanikiwa, lakini kwa Ahmed peke yake. Tembo wa Kenya, waliokadiriwa kufika 167,000 mwaka 1973, walikuwa wamebaki takriban 16,000 kufikia mwaka 1989, ingawa uwindaji wote ulikuwa umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Wengi wa waliouawa (na hili halishangazi) hawakuwa na jina wala askari wa kuwafuata.

Hivyo Rais Daniel arap Moi alipochoma tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi Julai 1989, kilicholengwa kilikuwa biashara yenyewe, na miezi mitatu baadaye nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zikaamua kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za tembo. Kwa uhai wa tembo, uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko amri ya mwaka 1970. Hata hivyo ishara haikutupwa: sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018, baada ya Katiba ya mwaka 2010 kukataza picha za watu kwenye fedha, zina tembo kwenye ile ya shilingi 20.